Filomena Mnali na Nyumba ya Enzi za Tudor

Dada yetu mpendwa Filomena Mnali, Mama Blessing, alizaliwa Ndanda, Masasi, tarehe 14 Agosti 1958, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Daniel Mnali na Mama Marietha.

Alisoma Ndanda, kisha akaja Dar es Salaam kusomea usanifu majengo katika Chuo cha Ardhi, akahitimu mwaka 1983 na kuajiriwa serikalini. Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa na Mwalimu Wilfred, wakaanza maisha Kipawa. Mungu aliwajalia Blessing na Gaspar.

Mwaka 1993 alikwenda Uingereza kusomea uhifadhi wa majengo ya kale. Huko alipangiwa kukarabati nyumba ya mjini iliyojengwa enzi za wafalme wa ukoo wa Tudor, karibu miaka mia tano iliyopita. Ilikuwa na boriti nyeusi na kuta nyeupe, na ghorofa yake ilitokeza juu ya barabara. Ilikuwa imeinama, na wenye nyumba walitaka kuzibomoa kuta na kuweka saruji. Filomena alipobandua chokaa alikuta fito, udongo na nyasi. Alicheka peke yake, kisha akapiga simu nyumbani.

“Shikamoo mama. Huku nako walikuwa wanakandika!”

“Marahaba. Sasa mwanangu, umeenda mbali kote huko kujifunza kukandika?”

Aliwaeleza wenye nyumba kwamba boriti za zamani zinahitaji ukuta unaopumua, na kwamba saruji ingefungia unyevu na kuziozesha. Walimkubalia. Akakunja mikono ya shati, akakandika pamoja na mafundi. Nyumba ikapona.

Kazi hiyo ilimletea nafasi ya ajira ya kudumu kulekule. Aliitamani sana. Huku Kipawa watu walishaanza kusema hatarudi. Shemeji yetu alimwambia kwenye simu, “Watoto mie nitawalea. Amua mwenyewe, sitakulaumu.” Alirudi Julai 1995. Tulipomuuliza sababu alisema, “Ile nyumba imekaa miaka yote hiyo bila mie. Blessing ana miaka saba tu.”

Aliendelea na kazi hadi alipostaafu mwaka 2018. Mwaka 2006 walijenga Goba, na ghorofa aliichora itokeze kama ile ya Uingereza. Fundi Mwishehe alishtuka: “Mama, huku juu kumezidi. Tumekosea kupima?” Akamjibu, “Hamjakosea, baba. Ngoja mvua inyeshe.” Masika ile majirani walijibanza pale chini wakisubiri mvua ikatike, naye akawatolea chai.

Mwaka 2023 aligundulika na maradhi ya figo, akayabeba kwa utulivu. Ni katika kumuuguza ndipo Blessing alipopata habari, kwa baba yake, za ile kazi iliyoachwa. Alimuuliza, “Mama, hukujuta?”

“Nilijuta,” alisema. “Sikukuambia kwa sababu ungedhani ni kosa lako. Ila ukitoka shule ukiniita mlangoni, nilikuwa nasahau kabisa.”

Alifariki dunia nyumbani Goba alfajiri ya tarehe 3 Machi 2025, Blessing akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na sie wadogo zake, Kornelio na Monica.

Bwana ampokee dada yetu Filomena, na apumzike kwa amani. Amina.