Mama Venance na Mbuzi wa Krismasi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Ursula Margwe, Afisa Utumishi wa kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti hapa Singe, Babati, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Tangu aje, mitambo ya kukamua imebadilishwa, paa limebadilishwa, hata jina la barabara limebadilishwa. Yeye ndiye kitu pekee cha mwaka 1994 kinachowaka asubuhi bila kupigwa teke kwanza.

Sisi humwita Mama Venance, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alitoka Mbulu, kwenye familia ya wakulima wa vitunguu saumu, akaajiriwa kuwa karani wa mishahara. Enzi hizo mshahara ulikuwa unatoka kwenye bahasha, na karani alisimama mlangoni kuita majina. Mungu alimjalia Mama Venance sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Akianza kuita, mtaa wa jirani wa Maisaka wote ulijua leo ni leo, na wa kwanza kufika getini walikuwa wenye nyumba na wenye maduka. Siku moja mzee wa stoo alimnong'oneza: "Mwanangu, usiniite. Nikonyeze tu." Kuanzia mwezi uliofuata aliita watu kwa kukonyeza. Wengine walipata mishahara yao wakidhani wanatongozwa.

Tunacheka, lakini hapo ndipo alipoanza kujiuliza swali lililomkalia kichwani miaka yote: mshahara ukishatoka mlangoni, unamsaidiaje huyu mtu? Ndiyo sababu mimi, Anastasia wa kitengo cha mauzo, nimeombwa kusimulia habari za mbuzi. Vijana walioajiriwa juzi wanadhani ni utani. Si utani.

Mwanzilishi wa kiwanda, Mzee Gidabuday, ni mfugaji wa uwanda wa Hanang. Kwake yeye, mtu unayemheshimu humpi soda wala kalenda, unampa mnyama. Kwa hiyo kila Desemba, kabla ya kufunga kwa sikukuu, kila mfanyakazi alipewa mbuzi mzima mzima, anayepiga kelele. Mwanzoni mbuzi walitoka kwenye zizi lake mwenyewe. Tulipokuwa wengi, alianza kuwanunua kwa Melkiori, mfanyabiashara wa mifugo, na kazi ya kuwagawa akamwachia meneja.

Ilikuwa zawadi nzuri sana, ila ilikuwa na miguu. Wengi wetu tulikuwa tumepanga chumba kimoja kimoja. Rogath, fundi wetu wa mitambo, alijaribu kumficha wake chini ya kitanda, na mbuzi akala pazia, nusu ya godoro na cheti cha ubatizo cha mtoto. Mama mwenye nyumba akampa Rogath hadi jioni achague: mbuzi ahame au wahame wote. Basi ikawa desturi kwamba ukikabidhiwa mbuzi unatoka naye getini, na nje unamkuta Melkiori amesimama na lori lake, anatabasamu. Anamnunua kwako kwa bei ya huruma, yaani huruma yako wewe kwake. Desemba inayofuata anawaleta palepale kiwandani, wamenenepa kidogo, na kampuni inawanunua upya.

Palikuwa na beberu mmoja wa kahawia mwenye pembe iliyopinda kama ndoano. Huyo alirudi mara nyingi kiasi kwamba akifika alijua mwenyewe njia ya kwenda kwenye mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Tulimwita Mkuu wa Idara.

Kila mtu alijua, isipokuwa Mzee. Na hakuna aliyetaka kumwambia, kwa sababu mfugaji ukimwambia zawadi yake imeuzwa, unamgusa yeye, baba yake na ng'ombe wao wote.

Desemba ya mwaka 2016 Mzee Gidabuday alitangaza kwamba safari hii atagawa mwenyewe. Alikuja amevaa koti lake la suti na fimbo yake, amefurahi kama bwana harusi. Alimshika kila mbuzi pembe, akamsifia kidogo, akamkabidhi mtu wake. Tulikuwa tunapiga makofi. Kisha akaletwa Mkuu wa Idara.

Mzee alianza kumsifia. Akainama, akamtazama mbuzi usoni kwa muda mrefu. Mfugaji hasahau sura ya mnyama.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu alizaliwa kwangu. Nilimpa Sosthenes."

Sosthenes wa mizani aliangalia viatu vyake. Wote tuliangalia viatu vyetu.

"Sosthenes, amefikaje hapa tena?"

"Alipotea, Mzee," akajibu Sosthenes kwa sauti ndogo.

Mbuzi akalia kwa nguvu, kana kwamba anakataa. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia, kicheko kikatokea puani. Mzee akageuka kututazama, mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa unaanza kuelewa. Hapo ndipo Mama Venance alipotoka kwenye mstari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Hakupotea, Mzee. Tunawauza. Hata mimi wangu nimeuza kila mwaka. Tunakushukuru, na tunawauza."

Mzee alimwachia beberu, akachukua fimbo yake, akapanda gari akaondoka kwenda kwake, nje ya Katesh. Mbuzi waliobaki hawakugawiwa. Walikaa uani wanakula mashudu mpaka Melkiori alipokuja kuwachukua, na yeye siku hiyo hakutabasamu.

Januari lilibandikwa tangazo: zawadi ya mwisho wa mwaka imefutwa. Na wafanyakazi, badala ya kumkasirikia Melkiori au sisi wenyewe, tulimkasirikia Mama Venance. Meza aliyokula kantini ilikuwa inabaki na yeye na chumvi. Veronica wa kufungasha, ambaye ni shoga yake hadi leo, alimwambia waziwazi: "Mama Venance, si ungenyamaza tu? Hata bei ya huruma ilikuwa inanunua mchele." Mama Venance alimaliza makande yake, akaosha sahani.

Jumamosi moja alipanda basi la Katesh, peke yake, bila ruhusa ya mtu. Alikwenda mpaka kwenye boma la Mzee. Yaliyosemwa huko tumeyajua kutoka kwa wote wawili, na kila mmoja huyasimulia kwa namna inayompa ushindi yeye.

Mzee alimkaribisha kiti na maziwa. Kisha akasema, "Ursula, mtu akiuza mnyama niliyempa, amenikataa mimi."

"Hawajakukataa, Mzee. Wewe una boma. Rogath ana chumba, na mwenye nyumba wake hataki hata kuku. Ungempa simba, angemuuza vilevile, ila Melkiori angekimbia."

Mzee hakutaka kucheka. Mkewe, aliyekuwa anapita na kibuyu, ndiye aliyecheka, akalazimika kukiweka chini.

"Basi wanataka nini?" Mzee akauliza kwa ukali.

"Sijui," Mama Venance akasema. "Hatujawahi kuwauliza."

Hapo, wanasema wote wawili, ndipo Mzee alipoanza kucheka kweli. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa shuka. Akamwambia: "Nenda kawaulize. Ukipata jibu, njoo. Ukikosa, nitaleta ng'ombe."

Alituuliza. Hakutugawia karatasi za kujaza. Alikuja akakaa nasi penye kazi, mikono kwenye alizeti, akasikiliza. Veronica alikuwa bado amenuna, na akamjibu kwa mkato: "Nataka nilale mvua ikinyesha." Rogath alitaka mtoto akiugua asikimbilie mikopo ile ambayo siku hizi tunaiita kausha damu. Mwingine alitaka mshahara utoke kabla shule hazijafunguliwa, si baada. Hezekia, mlinzi wetu wa getini, aliomba bima ya afya imhusu na mama mkwe wake, kwa sababu mama mkwe akiugua huhamia kwake, na akipona hahami. Vijana waliomba televisheni ya mpira. Hakuna aliyetaja mbuzi.

Haikwenda vizuri mara moja, na Mama Venance mwenyewe hupenda tulisimulie hili. Kitu cha kwanza alicholeta ni semina ya kupanga matumizi. Mtaalamu alitoka mjini mbali na projekta, akatushauri tupunguze kunywa kapuchino kazini. Tulitazamana. Sosthenes alinyoosha mkono akauliza kapuchino inapatikana wapi hapa Babati, aanze kuipunguza. Mama Venance alicheka kuliko sisi wote, semina ikaisha, tukala wali.

Kisha akarudi na jambo la maana, ambalo Mzee alikuwa ameliridhia. Kampuni ingeweka fedha za mbuzi kwenye mfuko wa dharura. Kila mfanyakazi angechangia kidogo kila mwezi, kampuni ingeongeza kiasi hichohicho, na mwenye shida angesaidiwa siku ileile, bila riba na bila kusimangwa. Tulimsikiliza kwa adabu na hatukumwamini. Waliojiunga mwanzoni walikuwa wachache, tena Hezekia alijiunga kwa kuogopa kwamba mama mkwe angesikia kuna mfuko na mkwewe hajajiunga.

Masika ya mwaka ule upepo ulivuma Bonga, kijijini kwa Veronica, ukabeba paa lake. Si kwamba uliliharibu, uliliondoa kabisa, tukalikuta kwenye shamba la mahindi la jirani likiwa limekaa vizuri kana kwamba nyumba ni fupi tu. Veronica hakuwa mwanachama. Alikuwa amekataa mbele ya watu, kwa maneno ambayo hayaandikwi kwenye jarida la wafanyakazi. Alikuja kazini amelowa, akakaa kwenye gunia.

Mama Venance aliwaita wale wachache waliochangia akawaambia: "Fedha ni zenu. Mnasemaje?" Rogath akasema mtu hajengi mfuko wa mvua halafu akaitazama mvua. Wakakubali wote. Mchana ule ule lori la kiwanda liliondoka na mabati, misumari na sisi juu yake tunaimba. Tulipofika Bonga tulimkuta Mzee Gidabuday amefika kabla yetu, amevua koti la suti, anatoa maelekezo ambayo fundi hakuyafuata hata moja.

Bati la mwisho lilipopigiliwa, Mzee aligonga ukuta kwa fimbo, akatazama juu, akasema: "Zawadi hii sasa, hata Melkiori hawezi kuinunua getini."

Veronica alimkumbatia Mama Venance akalia, kisha akacheka, kisha akapika chai ya watu wote kwenye sufuria ya ugali. Kabla ya wiki kuisha kiwanda kizima kilikuwa kimejiunga. Yeye Veronica ndiye mweka hazina wa mfuko hadi leo, na ole wako uchelewe kuchangia.

Baada ya hapo mambo yaliongezeka. Bima iliwafikia wategemezi. Mshahara wa Januari hutangulia shule. Mtu wa mfuko wa pensheni huja kantini kutueleza michango yetu kwa Kiswahili cha kueleweka, na Mama Venance humkatiza kila anapoanza kusema kama barua. Vijana nao walipokuja na mahitaji yao mapya, vifurushi vya intaneti, siku za ziada kwa baba aliyepata mtoto, alikunja uso kwanza. Kwake baba wa mtoto mchanga ni mtu wa kutumwa dukani. Lakini aliwasikiliza, akakubali, na Rogath akawa wa kwanza kufaidi. Alirudi macho mekundu akiomba zamu ndefu, akisema mitambo inalala kuliko mtoto. Tangu siku hiyo Mama Venance ni mtetezi mkubwa wa siku za baba.

Tunajua hakuondoa shida zote. Bado tarehe za katikati ya mwezi ni ndefu, na bado wapo wanaokopa kusikotakiwa. Lakini mtu wa kiwanda hiki akipatwa na jambo leo, kwanza anakuja kazini. Hilo halikuwepo.

Wiki iliyopita kamati ilimwendea kumuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Alisema anataka tuache hotuba. Tukamweleza kwamba hotuba zimeshaandikwa, na ya Mzee Gidabuday ina kurasa. Akafikiri, akasema basi muziki uanze kabla ya hotuba, na atakayetaka kuhutubia ahutubie huku anacheza. Mzee amekubali. Tangu juzi tunamwona ofisini kwake mlango umefungwa nusu, anafanya mazoezi ya mabega.

Mama Venance, asante kwa sauti yako na kwa siku ulizoipunguza kwa ajili yetu. Asante kwa kusema ukweli siku ambayo wengine tulikuwa tunaangalia viatu, na kwa safari ya Katesh ambayo hakuna aliyekutuma. Shamba lako la Bonga likuzalie, wajukuu wakuchoshe kidogo tu, magoti yasikusumbue, na pensheni yako ifike mapema kila mwezi kama mgeni mwenye adabu. Pumzika kwa furaha, mama yetu. Sasa ingia uwanjani, Mzee ameshavua koti na ngoma imeanza.