Pasipoti Kubwa Kama Mlango

Katika gari la waya linaloning'inia angani likishuka La Paz kutoka El Alto, mwalimu mmoja mstaafu aliyeketi kando yangu alikuwa akimsifu Wilber Quenta, msanii aliyetengeneza pasipoti kubwa kama mlango. "Sasa kazi yake iko makumbusho, mama!"

Mama aliyeketi mbele yake, muuza vijinyumba na vijigari vya kuombea baraka katika soko la Alasita, akacheka. "Tulipakana vibanda. Kila Januari mtu ananunua kitu kidogo mfano wa anachokitamani, kinabarikiwa saa sita mchana, anapata kikubwa chenyewe. Yeye anatengeneza kikubwa! Si ataambulia kidogo?"

"Huo ushirikina. Kijana ana kipaji."

"Kipaji alikuwa nacho miaka kumi pale sokoni, nani alimtazama?"

Mwalimu akakohoa. Mimi nikatazama nje kwa adabu, masikio nikayaacha ndani.

"Ni kipaji tu," mwalimu akashikilia.

Tukaingia kituoni. Mama akatoa kikapuni kijijengo cha makumbusho chenye ukubwa wa kiberiti. "Kama hiki nilimpa Wilber mwaka juzi, jina lake mlangoni, kikabarikiwa saa sita kamili. Wiki iliyofuata watu wa makumbusho wakampigia simu. Haya, mwalimu, wewe unataka nini? Sema upesi, milango inafunguka."