Alisema "Nakuja", Akaondoka

Benchi la kijiwe cha kahawa lilikuwa rafu ya duka lililofungwa, imelazwa juu ya matofali sita kando ya ukuta wa nyumba ya ghorofa. Kutoka hapo hadi mlango wa Fundi Pindo, mshona nguo wa chumba cha chini, ni hatua kumi na mbili; alikuwa amezihesabu. Kwa siku kumi na sita alikuwa akitoka, anaketi mwisho wa benchi na kazi mkononi, kisha anainuka mtu akiwa katikati ya stori na kurudi ndani. Mwanzoni wenye kijiwe walidhani amefuata soga zao. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, alitoka na suruali ya kupinda, sindano na uzi mweusi, akafunga mlango taratibu, akaketi. Ndani alikuwa amemwacha mbwa aliyemwokota kwenye geti la ghala. Mwenye nyumba, anayekaa juu, alikuwa amesema kwamba mbwa huyo akilia tena leo, jioni asimkute.

— Leo suruali? aliuliza Breki. Alikuwa fundi wa baiskeli, na jina alipewa kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

— Suruali. Miguu yote miwili.

— Si jana ulikuwa na mkono wa shati?

— Jana ilikuwa jana.

Ndivyo alivyopima muda wa kumwacha mbwa peke yake. Siku ya kwanza alivaa viatu, akavivua. Akachukua funguo, akaketi nazo. Alifanya hivyo mpaka mbwa akaacha kutetemeka akisikia funguo. Siku ya nne alitoka kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha kwa muda wa kifungo kimoja. Kisha vifungo vitano. Kila mara alijitahidi kurudi kabla kilio hakijaanza, akaingia bila shangwe, kama mtu aliyetoka kumwaga maji. Mara mbili alichelewa. Mlango ulikuwa na alama za kucha za siku hizo mbili, na mwenye nyumba alikuwa na kumbukumbu zake.

— Fundi, unajitesa, alisema Dozi. Dozi aliwahi kufagia hospitali kwa miaka minne, na tangu hapo hakuna ugonjwa aliokosa dawa yake. — Nusu kidonge cha usingizi. Nusu tu. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Methali hiyo inakataza, alisema Waraka, karani mstaafu, ambaye hata kahawa aliinywa kama anayepitisha faili.

— Inakataza asali. Mimi nazungumzia kidonge.

— Hapewi kidonge, alisema Fundi Pindo. — Haumwi.

— Basi redio, alisema Breki. — Muwashie redio asikie watu.

— Niliwasha. Alimbwekea mtangazaji mpaka taarifa ya habari ikaisha.

— Kwa hiyo anafuatilia! Haya, lile sanamu lako la kupimia nguo. Livalishe gauni lako, liweke karibu na dirisha. Atajua ni wewe.

— Halina kichwa.

— Wewe unadhani mbwa anaangalia kichwa? Mbwa anaangalia pindo.

Muuza kahawa, aliyekuwa akimimina kwenye vikombe, alicheka hadi akamwaga. Fundi Pindo hakucheka. Alikuwa kwenye mshono wa tatu wa mguu wa kushoto, na sikio lake moja lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka hapo.

— Mnakosea wote, alisema Waraka. — Mimi nimemsikiliza kwa utaratibu. Analia mara tatu, ananyamaza, analia mara mbili. Huo si uchungu, hayo ni madai. Mlinzi wa ghala amehamishwa kituo, sivyo? Mbwa wa mlinzi je? Hana barua. Kiutumishi bado yuko kazini pale getini. Nitamwandikia barua ya uhamisho, tutagonga muhuri, asomewe.

— Muhuri unao?

— Ninao. Tarehe imeganda, lakini mbwa hatauliza.

— Barua ya nini, alisema Dozi. — Dawa ya moto ni moto. Akilia, mwenye mbwa alie kumzidi. Niliona wodini, daktari alimfanyia mgonjwa.

— Mgonjwa akapona?

— Akahama wodi.

— Mimi sihami, alisema Fundi Pindo. — Wala yeye.

Waraka aliweka kikombe chini. Alipoanza kuzungumza polepole, watu walijua anataka kumaliza shauri.

— Dada yangu, tuache mzaha. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Funga mlango, nenda zako, mwache alie hata siku tatu. Atachoka.

Fundi Pindo alichomeka sindano kwenye kitambaa.

— Alilia siku tano pale getini baada ya mlinzi kuondoka. Alichoka?

Fundi Pindo aliwatazama mmoja mmoja.

— Nyote mlipita pale. Mimi pia nilipita, siku nne, nikijiambia mwenye mbwa yupo. Siku ya tano nilimkuta hana sauti, lakini mdomo unafunguka. Sasa niambie, mzee, alichoka? Mwana akilia anajua mama yupo chumba cha pili. Huyu anajua nini?

— Kwa haki, alisema Breki, — mlinzi hakumtupa. Nilikuwa naziba pancha mbele ya geti. Alimshika masikio yote mawili, akamwambia, kaa hapo, Zamu, mimi na—

Kiganja cha Fundi Pindo kilitua mdomoni mwake. Kilikuwa na sindano katikati ya vidole viwili, kwa hiyo Breki alifunga breki.

— Usilitamke, alisema kwa sauti ya chini. — Anasikia kutoka hapa.

Alitoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaandika kwenye ubao wa benchi, kati yake na Breki, herufi sita: NAKUJA.

Walisoma. Dozi alisoma mara mbili, akitafuta ugonjwa.

— Nililijua siku ya pili tangu nimlete, alisema Fundi Pindo. — Nilikuwa natoka kuchota maji. Nikasema hivyo, kama unavyosema wewe, kama anavyosema kila mtu. Alianguka chini palepale, kabla sijagusa mlango. Haogopi funguo kama anavyoogopa neno hilo. Sasa nikitoka, natoka tu. Sisemi kitu.

— Lakini Fundi, alisema Dozi, — neno dogo hilo.

— Mimi niliambiwa neno hilohilo mlangoni, miaka tisa iliyopita. Aliyeniambia alikuwa amevaa ndala, kama mtu asiyeenda mbali.

Breki aliangalia mnyororo wa baiskeli iliyokuwa mbele yake. Muuza kahawa alimjazia Fundi kikombe bila kuombwa. Fundi aliendelea kushona. Mguu wa kushoto uliisha, akageuza wa kulia.

Ndipo mwenye nyumba aliposhuka ngazi, karatasi iliyokunjwa ikiwa mkononi. Tangu ajenge nyumba hiyo hakuwahi kuketi kwenye benchi hilo. Kwake lilikuwa ni makelele ya chini.

— Shikamoo, mzee, walisema.

— Marahaba. Fundi, uliniambia nisiletewe habari, nije nisikie mwenyewe. Nimekuja. Nakaa mpaka saa ngapi?

— Mpaka birika liishe.

— Na akilia?

— Akilia, ondoa jina langu pia. Usiandike notisi ya mbwa peke yake, tutatoka wawili. Na mapazia ya juu utatafuta wa kuyapinda.

Mwenye nyumba alimtazama kama mtu anayesubiri aliyeropoka ajirudi. Hakujirudi. Breki alisogea, mzee akapata nafasi ya kukaa.

Birika lilizunguka mara moja. Lilizunguka mara ya pili. Kisha ndani ya chumba kucha zilisikika sakafuni: nne, tano, zinakuja mlangoni. Zikasimama. Mwenye nyumba alifunua karatasi yake kwa kidole kimoja. Dozi alifumba macho.

Fundi Pindo aliujua mlango huo. Akiinuka sasa, mbwa atajifunza kwamba kucha mlangoni humleta. Asipoinuka na mbwa akalia, yamekwisha. Alivuta uzi hadi mwisho, akachoma tena. Alivuta. Akachoma. Ndani kitu kizito kilijibwaga sakafuni, nyuma ya mlango, kikapumua kwa nguvu, kikatulia.

— Kalala, alinong'ona Breki.

— Nyamaza.

Muuza kahawa aliinamisha birika. Lilitoa machicha na tone moja. Alikusanya vikombe kwenye ndoo, akanyanyuka, na kama alivyofanya kila siku birika lilipoisha, akageukia benchi kuaga kwa sauti ya mtu wa sokoni:

— Jamani, na—

Breki alimdaka shati. Dozi alimziba mdomo kwa viganja viwili. Waraka, ambaye magoti yalimkatalia hata kuvuka barabara, alikuwa amesimama na mikono yote miwili juu kama askari wa usalama barabarani. Ndoo iliyumba. Fundi Pindo aliishika kabla vikombe havijagongana.

— Naenda kujaza tu! alisema muuza kahawa kati ya vidole vya Dozi.

Walisikiliza mlango. Mlango haukusema kitu.

— Mtu huyu amefanya kosa gani? aliuliza mwenye nyumba.

Fundi Pindo alimwonyesha maandishi ya chaki. Mzee alisoma kwa midomo, bila sauti, kisha akasoma tena. Alimwangalia muuza kahawa aliyekuwa tayari ameelekeza miguu upande mwingine, birika tupu mkononi.

— Sasa, alisema mwenye nyumba, — mtu akiwa anaondoka, kwa nini tunasema hivi?

Breki alifungua mdomo, ukabaki wazi. Waraka alitafuta kichwani waraka uliowahi kuagiza jambo hilo, hakuuona. Dozi hakuwa na dozi. Walijaribu na wahenga, lakini hata methali ya kukosea haikupatikana.

— Hilo ndilo analouliza yeye, alisema Fundi Pindo. — Kila siku. Nyinyi mkasema ni kelele.

Alifunga fundo, akakata uzi kwa meno, akakunja suruali.

— Hii hapa suruali yako, mzee. Miguu yote miwili.

Mwenye nyumba aliipokea. Fundi Pindo aliinuka bila kuaga, akazipiga zile hatua kumi na mbili kama kawaida yake, akafungua mlango kidogo kidogo kwa sababu kulikuwa na mzigo nyuma yake, akaingia. Hawakusikia shangwe. Walisikia mkia ukipiga sakafu, mara tatu, kisha mara mbili.

Waraka alihesabu kwa vidole.

Mzee aliichana karatasi vipande viwili, akaviweka pamoja akavichana tena, akavitia mfukoni. Alisimama. Alifungua mdomo kuwaaga, macho yakaangukia ubao wa benchi, akaufunga, akapanda ngazi kimya kimya na suruali yake.

Muuza kahawa alibaki palepale na birika tupu, akitafuta neno la kuondokea.