Cherehani Isiyo na Uzi

Sogeeni, wanangu, kila mtu apate mahali pa kukaa, na mtu asiniambie nipumzike, kwa maana nitapumzika vya kutosha bila kusaidiwa na yeyote. Jemutai, mke wangu, kaa hapa kichwani uniinue nikikohoa. Kipkirui, mwanangu wa pekee, zima hiyo simu. Jerop, mjukuu wangu, keti pale niuone uso wako, maana harusi yako ndiyo iliyonifanya niwaite. Na wewe Purity, uliyenishonea viatu miaka kumi na minne, najua hujakanyaga hapa tangu ule mwaka wa fujo za uchaguzi, na najua Kipkirui amekubembeleza siku tatu huko Huruma ndipo ukakubali. Basi kaa hapo karibu na mlango, unisikilize mpaka mwisho, halafu useme mwenyewe kama umepoteza nauli yako.

Nianze na mali, niimalize, ili nikiongea mengine mtu asiwe anawaza ng'ombe. Nyumba hii ni ya Jemutai mpaka siku yake, na atakayemwambia mama huyu ahamie chumba cha nyuma asije kwenye kaburi langu. Shamba la Moiben na ng'ombe wake ni vya Kipkirui. Karakana, ngozi, kalibu zote za mbao na jina lililoandikwa juu ya mlango ni vya Jerop, kwa sababu ni yeye peke yake katika nyumba hii anayeshona buti ikashoneka. Nimeacha nje kitu kimoja tu, ile cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa mguu. Hiyo nitaifikia.

Sasa mambo yenyewe. Jerop anataka kuolewa na Serhat, kijana wa Kituruki anayetengeneza mashine za kusaga mahindi kule Moi's Bridge, na wiki tatu zilizopita nilimfukuza baba yake hapa nyumbani mbele ya watu, na tangu siku hiyo huyu mtoto ananipikia chai, ananiosha miguu, wala haniulizi neno, anangoja nimbariki au nife bila kumbariki. Sina ugomvi na kijana. Mikono yake ina grisi mpaka kwenye kucha, na mtu wa grisi namheshimu. Ugomvi wangu ni na lile jibu la baba yake, na mpaka sasa ninapolala hapa nikilikumbuka damu inanichemka.

Purity, wewe hukuwahi kuambiwa sawasawa. Mji huu wote unaniita Mzee Karabeti Mhabeshi, kwa kuwa baba yangu alitoka Addis Ababa akaja hapa kuwashonea Wazungu wa mashamba buti na matandiko ya farasi. Sisi si Wahabeshi. Sisi ni Waarmenia. Nyanya yangu Yeranuhi alizaliwa Harput, nchi ambayo leo ni Uturuki, na mwaka wa kumi na tano wa karne iliyopita, akiwa na miaka tisa, serikali ya Waturuki iliwatoa Waarmenia majumbani mwao. Wanaume wakafungwa kamba, wakapelekwa mabondeni, wakachinjwa, na wanawake na watoto wakaswagwa kwa miguu mpaka jangwani. Nyumba ya nyanya ilitoka watu kumi na mmoja. Aliyefika Syria ni yeye peke yake, na kutoka huko akapelekwa Addis Ababa.

Lakini alipokuwa akinisimulia, hapa hapa Eldoret, mimi nikiwa mtoto nimekalia marobota ya ngozi, hakulia kwa ajili ya jangwa. Alililia mlango. Walikuwa na jirani, mwanamke wa Kituruki, ambaye mama yake nyanya alimnyonyeshea mtoto alipokuwa mgonjwa, na siku ile ya kutolewa mama alimshika Yeranuhi mkono wakaenda kugonga kwake, mchana kweupe, akitaka tu yule mtoto mmoja afichwe. Ndani walimsikia jirani akitwanga ngano. Wakagonga, wakamwita kwa jina, naye hakunyamaza na wala hakufungua, alizidisha kutwanga. Mpaka anakufa nyanya hakuruhusu kinu ndani ya nyumba. Jemutai, ulipoolewa ukaja na kinu cha mama yako, kikakaa nje kikanyeshewa mpaka kikapasuka, ukanuna mwaka mzima, nami sikukueleza kwa nini. Nisamehe kwa hilo.

Basi ikafika siku ya koito, ya posa. Wazee wa ukoo wa Jemutai walikaa pale, Bwana Nejat, babake Serhat, akakaa huku na Mzee Omar wa duka la nguo aliyemsindikiza, na kibuyu cha maziwa ya mursik kikawekwa katikati bila kumiminwa, kwa sababu desturi ya watu hawa walionilea inataka kwanza koo ziulizane: je, kuna damu kati ya nyumba hizi mbili? Ikiwa ipo, isemwe, isafishwe, ndipo maziwa yanywewe. Sikuwaza kwamba swali hilo lingenigusa mimi. Mkubwa wa wazee wa ukoo aliuliza kama anavyouliza kwa kila posa, akageuka kwa Nejat. Nami nikasema moyoni, Mungu, kumbe ulinileta mpaka huku kwa watu wanaojua kuuliza.

Mnajua alijibu nini? Nilimwelewa kabla mwanawe hajatafsiri, kwa maana nyanya yangu alipokasirika alitukana kwa Kituruki. Alisema, "Hakuna damu. Ilikuwa vita, watu walikufa pande zote, na ni mambo ya zamani." Alisema huku anatabasamu! Nyumba ya watu kumi na mmoja, anaifuta kwa tabasamu, amekalia kiti changu! Sikumwomba ng'ombe. Sikumwomba alie, wala sikusema yeye ndiye aliyeshika kisu, kwani hakuwa hata amezaliwa. Nilitaka neno moja, ndiyo, ipo. Serhat alitafsiri kila kitu akiwa ameinamisha uso, na mimi nikasimama na miaka yangu yote, nikachukua kile kibuyu, nikamwaga maziwa mbele ya viatu vyake, nikamwambia atoke. Wazee wakashika vichwa. Hata sasa sijutii. Nikipewa nguvu nitamwaga tena.

Inueni kichwa changu. Maji kidogo. Inatosha.

Jioni ile nilikuwa nikitembea humu ndani nikifoka, nauliza inawezekanaje mtu aulizwe jambo usoni na akatae, na Jemutai, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akaacha kumenya viazi akaniuliza swali moja tu. "Na wewe, baba Kipkirui, Purity alipokuuliza, ulimjibu nini?"

Nikakaa chini. Tangu siku hiyo sijainuka vizuri.

Jerop, sikiliza, halafu nitanyamaza. Huyo kijana mchukue. Ila kabla hamjalala nyumba moja, akuambie kwa mdomo wake yaliyotendeka Harput, na mkizaa, awaambie watoto kwa lugha ya baba yake, ili wasije wakakaa mbele ya wazee siku moja wakatabasamu. Baba yake simsamehi. Akitaka kuja kunizika na aje, lakini asishike koleo mpaka aseme. Hiyo ni amri, Kipkirui, usiibadilishe eti kwa sababu ya ukwe. Na baraka unayoingoja, mjukuu wangu, siwezi kukupa bado, kwa maana wazee wa nyanya yako wangeuliza kama kuna damu kati ya nyumba hii na nyumba ya mtu aliyekaa hapo mlangoni, na mimi ningekuwa nimejibu kama Nejat.

Purity. Niangalie, mama.

Ilikuwa ile Januari ya fujo, saa tisa mchana. Barabarani walikuwa wakitafuta watu wa kabila lenu, na walikuwa wametangaza kwamba nyumba itakayowaficha itachomwa. Nilikuwa karakanani peke yangu na mlango nimeufunga kwa komeo. Ulipokuja kuniuliza miezi mitatu baadaye, umevaa nguo nyeusi, nilikuambia nilikuwa nikishona, cherehani inanguruma, sikusikia mtu. Nikaongeza, Mungu anilaani, kwamba siku zile kila mtu aliumia. Ukasema, "Sawa, Mzee," ukakunja aproni yako ukaiweka juu ya meza.

Nilisikia.

Nilisikia ukigonga, na nilisikia Ndirangu, mume wako, akisema nikuchukue hata wewe peke yako. Uliniita kwa jina mara nne. Sikuwa nikishona kitu, Purity. Cherehani haikuwa na uzi. Niliikanyaga bure, ikapiga kelele, ukaita, nikaikanyaga zaidi. Jemutai aliniona kwa dirisha la jikoni, mguu unakwenda na mikono iko magotini. Kisha nikasikia wanakimbia, na nikasikia alipokamatwa kule njia ya nyuma, na mguu wangu ulikuwa bado unakwenda. Mimi, mjukuu wa Yeranuhi! Niliyelelewa na hadithi ya mlango! Nilikuwa na sababu, mke wangu na Jerop, bado mtoto, walikuwa ndani ya nyumba, na labda yule mwanamke wa Harput naye alikuwa na yake, lakini nimeichukia sauti ya mchi wake miaka yote, na yangu sitaiita jina jingine. Ndiyo, damu ipo. Iko kati ya nyumba yangu na yako, na nimeiweka mimi.

Cherehani ni yako uamue. Uivunje, uiuze, uiache ioze. Sikuombi... msamaha sikuombi. Hukuniuliza kama nimejuta, uliniuliza kama nilisikia.

Mbona umesimama?

Kipkirui, mwache. Usimshike mkono, mwache aende, ana haki hiyo. Jemutai, mtoto aje. Njoo Jerop, kichwa chako, hapa karibu, mkono wangu hauinuki, uuweke juu mwenyewe. Hivyo. Mungu wa Yeranuhi na wa nyanya yako akupe nyumba... nyumba yenye watu wengi. Maziwa yasikauke. Mtu akigonga kwako... mtu akikuita kwa jina...

Nani amefunga? Nimesikia mlango. Ni nyinyi au ni yeye? Fungueni. Baridi haidhuru. Ufungueni, Kipkirui, uacheni wazi.