Brike Nilizojaza Tena

Wachuuzi wenzangu, mmenitaja niwe kiongozi wa kikundi chetu. Nisikilizeni kwanza, kisha mkate shauri.

Mnaikumbuka miaka ya vita na ambargo, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo na brike mpya, vile viberiti vya gesi, zikaadimika. Mimi niliokota zile za plastiki zilizokwisha, nikazitoboa kitako kwa msumari wa moto, nikazijaza gesi, nikaziba kwa plastiki iliyoyeyushwa. Mkuu wa soko letu hapa Cibitoke alikuwa amekataza. Hata brike yenyewe iliandikwa: isijazwe tena, isikae juani. Maandishi hayo niliyakwangua kwa wembe. Ndugu zangu, nawaambia, nilijua kusoma. Kisha nikazipanga juani juu ya bati, zimeremete.

Mama mmoja muuza mandazi alinunua moja, akaiweka kando ya mbabura yake yenye makaa ya moto. Paa! Soko zima tukalala kifudifudi. Mama alipoinuka, shavu lake lilikuwa limeungua.

“Grenade!”

“Nani karusha?”

Macho yakamwangukia fundi cherehani aliyehamia karibuni kutoka mtaa wa Musaga, mtu ambaye hatukuwajua wazazi wake.

“We, fungua mufuko!”

“Ni nyuzi tu, wakubwa zangu!”

Watu wa soko walimpiga, wakamfungia kwenye ofisi ya zone, wakubwa wa mtaa wanapokaa. Miguuni pangu palikuwa na kipande cha plastiki ya bluu, cha ile brike niliyomuuzia mama. Nikakikanyaga kisionekane.

Kesho yake yule mama akaja, shavu limefungwa kitambaa. “Kaka, we ulikuwa karibu. Ulimuona akirusha? Leo wanamupeleka kwa askari. Kama ni yeye, aende. Kama si yeye, mi sitaki damu ya mutu juu ya hii shavu.”

Sote tulijua waliopelekwa huko hawarudi. Nikasikia sauti yangu: “Apana, mama. Ilikuwa brike yangu. Niliijaza mimi.”

Hakupiga kelele. Alisema tu, “Tangulia.” Akanifuata nyuma mpaka zone, nisije nikakimbia.

Nikakiri pale mbele ya wakubwa, na fundi alipofunguliwa, jicho limevimba, aliniuliza: “Kama huyu mama asingekuja, ungesema?”

Ndugu zangu, hata leo siwezi kuapa kwamba ningesema.

Namshukuru mama yule kwa kunishikilia kwenye ukweli. Namshukuru fundi, aliyerudi kushona jirani yangu, ingawa salamu yake ilichelewa sana. Brike ya kutupwa tusiijaze. Iliyo nzima tuiuze kivulini, mbali na moto, na maandishi yake tuyaache yasomeke. Mbele ya bidhaa yetu anasimama mtu, na nyuma yake anaweza kuwepo mwingine atakayelipa kosa lisilo lake.

Sasa mnamjua mliyemtaja. Anayetaka nikae chini, aseme, nitakaa.