Mzazi, Chungulia Friza Yako

LIBUŠE: Haloo? Ni nani?

RADOVAN: Mwanao, mama. Shikamoo.

LIBUŠE: Marahaba. Mbona makelele hivyo?

RADOVAN: Niko barabarani, natoka kwenye maonyesho ya nyoka Ujerumani. Praha nimeshaipita. Mama, nimempata yule chatu dume.

LIBUŠE: Umekula?

RADOVAN: Nimekula soseji. Sikiliza, Perla yuko—

LIBUŠE: Soseji tu?

RADOVAN: Mama. Perla yuko salama? Na mayai yake? Joto la mashine ya kuangulia umeliangalia?

LIBUŠE: Nimeangalia.

RADOVAN: Lisishuke hata kidogo. Hao watoto wake ndio watakaonipa jina. Moravia nzima hakuna mfugaji mwenye chatu wa rangi [mkwaruzo] rangi ile.

LIBUŠE: Leo Jumapili, Radovan.

RADOVAN: Najua ni Jumapili.

LIBUŠE: Nikasema nikupikie madonge ya plamu. Niliyakanda mwenyewe, nikayagandisha. Nikashuka chini kwenye friza, nikatoa lile kopo la aiskrimu.

RADOVAN: Kopo lipi?

LIBUŠE: La vanila. Kwetu nani anaweka aiskrimu kwenye kopo la aiskrimu? Humo kuna supu, kuna uyoga, kuna madonge. Nikafungua, vitu vya mviringo, vyeupe kwa barafu. Ukubwa ule ule. Maji yalikuwa yanachemka.

RADOVAN: Mama, usiniambie—

LIBUŠE: Nilivitia vyote.

RADOVAN: Dah.

LIBUŠE: Vikajikunjua. Ndani ya sufuria. Nimesimama na mwiko, siagi nimeshayeyusha, jibini nimeshakuna, nasubiri madonge yaelee. Kikaelea kichwa cha kitoto cha nyoka. Hakina macho. Si kwamba yamefumba, hayapo kabisa. Ngozi imepita moja kwa moja kama ya goti.

RADOVAN: Pole, mama. Pole kweli. Nilikusudia kuwaondoa, nikasahau. Simona hataki niweke kwenye friza yetu.

LIBUŠE: Mkeo ana akili. Mimi mjinga nikakubali. Uliniambia ni panya wa kulishia tu. Nikasema haya, panya, mradi wafungwe vizuri.

RADOVAN: Panya pia wamo.

LIBUŠE: Asante kwa kunijulisha.

RADOVAN: Sikumaanisha—

LIBUŠE: Mwingine mgongo umepinda kama mkono wa kikombe. Mwingine mdomo wa bata. Nimetapika kwenye sinki, mtu mzima. Sufuria ya bibi yako nimeitupa kwenye majani yanayowasha huko nje. Jikoni mpaka sasa kunanuka kama maji ya kunyonyolea kuku, na madirisha yako wazi, na baridi hii.

RADOVAN: Nitakununulia sufuria.

LIBUŠE: Nani kaomba sufuria? Uliniambia wale wa uzazi uliopita waliangulika wote wazima.

RADOVAN: Nilisema waliobaki ni wazima.

LIBUŠE: Neno "waliobaki" mimi sikulisikia.

RADOVAN: Mama, kila mfugaji anafanya hivyo, hakuna siri. Ukichanganya rangi mpya, wengine wanatoka vibaya. Unawaweka kwenye friza, wanasinzia, basi. Nyoka damu yake ni baridi, hasikii kitu.

LIBUŠE: Nani alirudi kutoka kwenye friza akakwambia alisinzia?

RADOVAN: Sasa wewe wa kunisema? Kila majira ya baridi hapo uani nguruwe alichinjwa. Mimi nilikuwa nashika bakuli la damu.

LIBUŠE: Baba yako alimchinja kwa pigo moja, na tukamla mpaka masikio. Wewe unawaumba vibaya kwa makusudi, halafu unawaficha chini ya njegere zangu.

RADOVAN: Na miplamu je? Si unabebesha mwenyewe, tawi la mti huu kwenye shina la mti ule? Na yule mbwa wa shangazi Jarmila, anakoroma kama trekta, pua hana, mbona mnamlisha keki?

LIBUŠE: Jarmila nilishamwambia. Na mplamu haulali chali ukitafuta juu ni wapi.

RADOVAN: Haya tena, Perla.

LIBUŠE: Ndiyo, Perla. Nimekaa naye asubuhi yote. Anataka kunywa maji, kichwa kinakwenda kwingine. Kinajizungusha kama kizibuo cha chupa. Anajaribu tena. Mwisho anajipindua tumbo juu, anabaki hivyo hivyo. Nikamsogezea bakuli nikiwa nimefumba jicho moja, mimi ninayeogopa hata nyungunyungu.

RADOVAN: Ile ndiyo aina ya Buibui, mama. Wote wako hivyo. Ule utando mzuri mgongoni na ule mtikisiko vinakuja pamoja, huwezi kupata kimoja. Lakini anakula, anataga. Mnyama anayeteseka hali chakula.

LIBUŠE: Babu yako alikula mpaka wiki aliyokufa, na kansa ya tumbo.

RADOVAN: Sasa babu anaingiaje [mkwaruzo] mama?

LIBUŠE: Nyoka hana sauti, ndiyo faida yenu. Angekuwa analia kama nguruwe, mngeacha zamani. Majirani wangewaleteeni polisi. Na huyo dume mpya ni nini?

RADOVAN: Huyo utampenda.

LIBUŠE: Ni nini?

RADOVAN: Chotara. Mama yake chatu mdogo wa Afrika, kama Perla. Baba yake chatu mwekundu wa Asia. Mnene, kama mkono wa mwanamieleka.

LIBUŠE: Walikutana wapi?

RADOVAN: Ndiyo maana yake, mama. Porini wasingekutana kamwe.

LIBUŠE: Na wewe unalisema hilo kwa kujisifu. Unataka kumpandisha huyo kwa Perla?

RADOVAN: Akishapata nguvu. Hakuna aliyewahi—

LIBUŠE: Nimempigia daktari Holubová.

RADOVAN: Yule wa mifugo? Kwa nini? Ulimwambia nini?

LIBUŠE: Alipofika nilimwonyesha sufuria huko nje.

RADOVAN: Mama, unajua anavyoongea yule. Kesho mji mzima—

LIBUŠE: Yupo hapa. Ana kituo cha wanyama wasiotakiwa, atamchukua Perla na mayai. Nimemsimamisha mlangoni. Nimemwambia asivue viatu kwanza, mpaka nimalize na wewe.

RADOVAN: Ni nyoka wangu.

LIBUŠE: Ni nyumba yangu.

RADOVAN: Mwambie aondoke. Niko karibu na Brno, nafika sasa hivi, tutaongea.

LIBUŠE: Tunaongea. Nipe neno moja tu, Radovan. Sema hutapandisha tena, si Perla, si hilo chotara lako. Ukisema, Holubová anarudi kwake, Perla namlea mwenyewe mpaka afe. Na bakuli nitamsogezea. Yaliyokuwa kwenye kopo tutayazika, sitayataja tena, hata kwa Jarmila.

RADOVAN: Mtandao unakatika.

LIBUŠE: Haukatiki.

RADOVAN: Mama, ni miaka. Siwezi tu... Naweza kumpumzisha Perla msimu mmoja.

LIBUŠE: Sikusema kupumzisha.

RADOVAN: Na hayo mayai je? Ukizima ile mashine wewe mwenyewe, una tofauti gani na mimi?

LIBUŠE: Sikuizima. Nilisimama na kidole kwenye swichi mpaka mguu ukafa ganzi. Sikuweza. Wamo humo, kosa lao nini?

RADOVAN: Simona naye analalamika. Anasema mikono yangu inanuka. Labda... sijui. Labda ni kweli usemayo, mama.

LIBUŠE: Sema basi, mwanangu. Mimi nasikiliza.

RADOVAN: Ngoja nipite hili lori. [mkwaruzo] Haya. Nataka kusema kwamba mimi—

LIBUŠE: Subiri. Subiri kidogo. Yai moja limepasuka.

RADOVAN: Limepasuka? Sasa hivi?

LIBUŠE: Naliona kwenye kioo cha mashine. Ametoa kichwa. Kinatikisika, maskini, kama cha mama yake.

RADOVAN: Rangi gani?

[kimya]

RADOVAN: Mama? Ni mweupe mwili mzima au ana njano ubavuni? Washa taa, umwangalie vizuri. Haloo?

LIBUŠE: Nakusikia.

RADOVAN: Usimguse. Mpige picha tu, nitumie. Rangi gani?

LIBUŠE: Daktari, vua viatu uingie. Wako huku, kulia.

RADOVAN: Mama, hapana, ngoja, nilikuwa nakaribia kusema—

LIBUŠE: Endesha polepole, barabara ina ukungu. Na huyo dume usimwache garini, atakufa na baridi. Mpeleke kwako. Haya, kwaheri, mikono yangu inahitajika huku.

RADOVAN: Mama, niambie rangi tu, halafu— Haloo?