Historia ya Marehemu Glenys Hadley, Aliyekataa Kufuta Kipindi cha Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, majirani wa Netherton, na ninyi wasikilizaji mliosafiri kutoka mbali, naitwa Malcolm Round, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome historia ya maisha yake, kazi ninayoianza na jambo nisilolijua, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda mtu anayeanza na anachokijua. Katika sanduku la viatu alimotunza tiketi zake za muziki tumekuta tiketi ya onyesho la kwanza alilosema amehudhuria, la tarehe 22 Novemba 1969 hapa Dudley, akiwa na miaka kumi na minne, na tiketi hiyo ni nzima, haijachanwa hata kona, na kila mtu wa umri wangu anajua kwamba hapakuwa na ukumbi uliokupitisha mlangoni bila kukuchania tiketi yako. Alituhadithia onyesho lile mara nyingi, mpaka rangi ya soksi za mpiga besi, nami sijui kama aliingia kwa dirisha la choo, kama alisimama nje akasikiliza ukutani, au kama hakwenda kabisa. Nimelifikiria kwa wiki mbili, sikupata jibu, nami naliacha hapo.

Dada Glenys alizaliwa nyumbani, Netherton, tarehe 9 Februari 1955, mtoto wa kwanza wa marehemu Horace Round, mfua minyororo, na marehemu Edna, aliyekuwa mshonaji, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha sekondari ya wasichana hadi Julai 1971, ambako katika ripoti ya mwisho mwalimu wake aliandika kwamba binti huyu ana masikio mazuri na mdomo usiopumzika, maneno aliyoyatia kwenye fremu na kuyatundika chooni, ambako wageni wengi mliopo hapa mmeyasoma.

Tarehe 6 Septemba 1971 aliajiriwa kuunganisha simu katika kituo cha simu cha Dudley, na mwaka 1986 akahamia kituo cha kupokea simu za magari ya wagonjwa, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 31 Januari 2014, na wenzake waliokuja leo watakubali kwamba aliweza kujua kwa pumzi tu kama anayepiga simu anaumwa, anaogopa, au anamdanganya.

Alifunga ndoa na Ray Hadley, fundi mitambo wa kiwanda cha minyororo na mfugaji wa njiwa, tarehe 4 Juni 1977, na ilijulikana tangu siku hiyo kwamba bibi harusi anapenda muziki wa roki na bwana harusi haupendi, hata mama mkwe akamuuliza mwanawe mbele ya watu, "Sasa wewe Ray, kelele zile utaishi nazo vipi?" naye akajibu, "Mama, kiwanda kimeshanifanya nusu kiziwi, huyu atamalizia." Walijaliwa watoto wawili, Kerry, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1980, na Stuart, tarehe 2 Mei 1983, na wajukuu watatu, na ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na minane, yeye na santuri zake sebuleni, mumewe na njiwa wake uani.

Wapo watakaosema kwamba yanayofuata si ya kusomwa mbele ya jeneza. Familia imeyajadili, na imeamua yasomwe, kwa sababu ndiyo yaliyomnyima marehemu usingizi katika mwaka na nusu wa mwisho wa maisha yake, kuliko hata maradhi.

Vijana wa siku hizi huenda hamuijui Netherfold, bendi ya roki ya watu wanne wa mitaa hii, iliyodumu miaka sita, ikatoa albamu moja, ikavunjika mwaka 1976. Marehemu aliipenda bendi hiyo kama wengine wanavyopenda timu ya mpira, kwa maana ya kwamba iliposhindwa aliipenda zaidi, na mwezi Machi 2014, alipostaafu, yeye na rafiki yake Bernadette Foxall, mwenye duka la santuri kule Stourbridge, walianzisha podikasti yao, Sindano na Vumbi, wakiirekodi kwenye meza ya jikoni Ijumaa asubuhi, mara moja au mbili kwa mwezi, maikrofoni imeegemezwa kwenye chupa ya siki. Ilikuwa podikasti ya historia ya roki ya maeneo yetu, bendi kubwa na ndogo, lakini kila baada ya muda ilirudi kwa Netherfold, na ilipata wasikilizaji wapatao elfu nne, wengine Uswidi, wengine Ureno, na mmoja katika meli ya mafuta. Ilikuwa na desturi moja iliyojulikana na wote, kwamba kabla ya salamu na kabla ya muziki, hawa mama wawili walisimama na kusoma makosa waliyoyafanya katika vipindi vilivyopita, na msikilizaji alisikia viti vikikwaruza sakafu, kisha Bernadette akisema, "Haya shoga, safari hii tumeharibu nini?"

Kosa kubwa lilifanyika katika kipindi cha arobaini na moja, tarehe 11 Novemba 2016. Ipo kaseti, wasikilizaji wote mnaijua, iliyorekodiwa kwa siri na shabiki mmoja katika klabu ya wafanyakazi wa kiwanda cha minyororo, Jumamosi mchana, tarehe 5 Oktoba 1974, na katika kaseti hiyo ngoma zinapigwa kwa kasi ambayo Clive Willetts, mpiga ngoma wa Netherfold, mtu mzito na mtulivu, hakuwahi kusikika nayo mahali pengine popote. Mashabiki walibishana juu ya kaseti hiyo kwa miaka arobaini. Dada Glenys aliichambua kwa saa moja na nusu, pigo kwa pigo, akailinganisha na albamu, akahitimisha kwamba aliyekaa nyuma ya ngoma siku ile hakuwa Clive bali mtu mwingine wa kukodiwa, na alilisema kwa ufasaha kiasi kwamba hakuna aliyebisha tena. Mimi mwenyewe, niliyefanya kazi maktaba miaka thelathini na moja na ninayepaswa kujua tofauti ya hoja nzuri na ukweli, nilimpigia simu kumpongeza.

Kisha kampuni moja ya kurekodi ya London ikainunua kaseti ile ili iitoe kama albamu, na mwandishi wao wa jalada, bila kumwuliza mtu, akaisikiliza podikasti na kuandika mbele ya neno ngoma: mpigaji hajulikani.

Ilikuwa Februari 2024, marehemu akiwa jikoni anaisikiliza kaseti hiyo kwa mara ambayo hata yeye hakuweza kuihesabu, Ray akapita akitoka kuwalisha njiwa, na wakati huo huo nyuma ya muziki kikalia king'ora cha kiwanda cha kuingiza zamu ya saa nane mchana. Ray akasimama, akasema, "Hicho si king'ora chetu. Chetu kilikuwa kinalia kama ng'ombe. Hicho ni mbuzi." Mkewe akamwambia, "Ray, ni klabu yenu, ni kiwanda chenu, kingekuwa king'ora cha nani?" naye akajibu, "Mama Kerry, nimekisikiliza miaka ishirini na sita, unanifundisha?" akaenda kuosha mikono. Dada alikaa kitako palepale. Alikuwa ameisikia sauti ile miaka yote hiyo bila kuisikia, kwa sababu sikio lake lilikuwa kwenye ngoma.

King'ora chenyewe kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho, na wiki iliyofuata yeye na Bernadette waliomba kipulizwe, wakakirekodi, wakapunguza mwendo wa kaseti mpaka mbuzi akawa ng'ombe, na hapo ndipo walipomsikia Clive Willetts, mzito, mtulivu, akiwa nyuma kidogo ya pigo kama kawaida yake. Betri za yule shabiki zilikuwa zinakufa, kinasa sauti chake kilizunguka polepole wakati wa kurekodi, na kila mashine nzima iliyoipiga kaseti ile baadaye ikautoa muziki kwa mbio.

Tarehe 20 Machi 2024 alikwenda kwa Bwana Willetts, Halesowen, akiwa amebeba pai ya nyama ya nguruwe aliyoioka mwenyewe, na Bwana Willetts, ambaye yupo hapa mstari wa tatu na ameniruhusu niseme haya, alimkaribisha kwa maneno haya: "Miaka saba nakusikiliza ukinitoa kwenye bendi yangu mwenyewe, mke wangu ananiambia zima hiyo takataka, na mimi nashindwa kuzima, maana mnachekesha." Alipomwuliza kwa nini hakuandika barua kukanusha, alisema, "Ningeandika nini? Mpaka mwenyewe nilianza kufikiri labda sikuwepo." Na alipomwuliza anataka nini, alisema wajukuu zake wanasoma majalada, basi wakisoma hilo wakute jina la babu yao, hana jingine.

Siku mbili baadaye, katika kipindi cha mia mbili na tatu, walisimama kwa dakika arobaini. Wasikilizaji wengi, kwa nia njema, walimwandikia akifute kile cha zamani, Bernadette naye alimwambia, "Shoga, kifute tu, nani atakumbuka?" na jibu lake lipo kwenye kipindi kila mtu alisikie: "Clive atakumbuka. Nikifuta nitakuwa nimemkosea, halafu nimejifanya sikumkosea. Kitabaki, na mbele yake nitaweka sauti yangu nikisema nilikuwa mjinga na kwa sababu gani." Kipo mpaka leo, na mbele yake yupo yeye akisema hivyo.

Kampuni haikuwa tayari kubadilisha. Simlaumu yule kijana aliyepokea simu zake kumi na tisa, alikuwa na adabu, na alimweleza ukweli kwamba majalada yameshachapwa na kwamba habari hiyo waliitoa kwake yeye mwenyewe, naye akamjibu, "Ndiyo maana nakupigia, mwanangu. Kosa ni langu, nipe nilirekebishe." Hakupewa. Ilifuata barua ya wakili, ikimkumbusha kwamba jalada ni mali ya kampuni, na barua hiyo aliitundika chooni, chini ya ripoti ya mwalimu.

Tarehe 14 Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akapata matibabu hadi mwezi Mei, alipoamua mwenyewe kuyasimamisha, akaendelea kurekodi akiwa kitandani, na alipokosa nguvu ya kusimama kwa ajili ya makosa alimwambia Bernadette asimame kwa niaba ya wote wawili. Alifariki dunia nyumbani, Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Ray akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa Muuguzi Oonagh, aliyevumilia kufundishwa historia ya gitaa huku akitafuta mshipa, majirani waliotuletea supu na waliowalisha njiwa, wafanyakazi wenzake wa kituo cha magari ya wagonjwa, na wasikilizaji wa Sindano na Vumbi, ambao barua zenu zimejaza magunia mawili na zote zitasomwa.

Imebaki kuwaarifu kilichoamuliwa. Tarehe 17 Agosti marehemu alituita chumbani, Ray, Kerry, Stuart, Bernadette na mimi, akasema albamu inatoka tarehe 12 Septemba, huenda asiifikie, na kwamba haitauzwa katika maeneo haya bila jina la mpiga ngoma. Nilimkumbusha barua ya wakili. Aliniambia, "Malcolm, mdogo wangu, wewe umesoma vitabu vyote vya maktaba ile, hebu nitajie kimoja kilichoombewa ruhusa ya kusema kweli." Wote tukakubaliana. Kerry alichapisha vibandiko vyeusi vyenye maneno meupe, Ngoma: Clive Willetts, kwa herufi zilezile za jalada, Bernadette akazungumza na maduka kumi na moja, kuanzia Wolverhampton hadi Worcester, na wenye maduka wote kumi na mmoja wakaleta nakala zao Stourbridge Alhamisi tarehe 11 Septemba asubuhi, siku tisa baada ya kifo chake, na kwa wasikilizaji wa mbali tumetuma vibandiko kwa posta, kila mmoja abandike chake. Kama yupo hapa mtu wa kampuni, jina la aliyefanya kazi hiyo hatulifichi. Tulimwomba Bwana Willetts abandike cha kwanza, akakataa, akasema mtu habandiki jina lake mwenyewe, akaenda kutuchemshia chai. Ray ndiye aliyebandika, nakala mia tatu na kumi na mbili, kwa gundi ya kiwandani aliyoichagua yeye kwa sababu haibanduki, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, akakataa kupokewa na yeyote kati yetu.

Dada Glenys, kazi imekwisha, pumzika sasa kwa amani.